Central Park ya New York: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Shangazi yangu alipokuja New York kutoka Tanga, nilimpeleka Central Park siku ya pili tu. Akasimama ukingoni mwa ziwa, akayatazama maji, miamba na miti iliyoyainamia, kisha akasema: "Mwanangu, wenzetu wamejaliwa. Wamejenga mji wote huu na bado wakaliacha pori la Mungu katikati." Nikamjibu, "Shangazi, hili ziwa limechimbwa." Hakunisadiki hata kidogo.

Tangu siku ile nimewatembeza wageni wengi, ndugu na marafiki wa marafiki, na karibu wote huuliza yale yale. Nimeyakusanya hapa, pamoja na majibu ambayo ningetamani mtu angenipa mimi siku ya kwanza.

Kwani si pori la asili?

Hapana. Kilicho cha asili hapa ni miamba. Ile migongo ya jiwe jeusi linalometameta kama lina vumbi la fedha ina umri wa mamia ya mamilioni ya miaka. Ukiipapasa utahisi mifereji iliyonyooka, alama za barafu nzito iliyowahi kuburuzwa juu yake kabla ya mji wowote kuwapo. Karibu vingine vyote viliwekwa kwa mikono ya watu.

Kabla ya hapo palikuwa na vinamasi, mawe na udongo haba usioweza kulisha mti mkubwa. Kuanzia mwaka 1858 maelfu ya vibarua, wengi wao Waayalandi na Wajerumani waliotoka kwao kwa ajili ya njaa na vurugu, waliingia na sururu, mikokoteni na baruti. Walipasua miamba, wakazika mabomba ya udongo wa kuchoma ili kukausha vinamasi, wakaleta udongo mzuri kutoka ng'ambo ya mto, New Jersey. Wakapanda miti na vichaka kama 270,000. Hata vijito vinavyoporomoka kwenye mawe upande wa kaskazini vinapata maji kutoka mabomba ya jiji. Ukiwaona bata wanaelea kwa raha zao pale ziwani, jua kwamba maji yale yana koki.

Ina ukubwa gani?

Ekari 843, yaani hekta 341 hivi. Urefu ni kilomita 4, kuanzia Mtaa wa 59 hadi wa 110, na upana hauzidi sana nusu maili. Kuingia ni bure. Hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 7 usiku.

Wazo la kuitenga ardhi yote hii lilitoka kwa nani?

Kwa watu kadhaa, tena kwa sababu tofauti. Mshairi na mhariri wa gazeti William Cullen Bryant alianza kulipigia debe mwaka 1844, na baada yake Andrew Jackson Downing, bingwa wa bustani wa zama zile, akalichukua kwa nguvu. Mji ulikuwa unafurika wahamiaji, kipindupindu kilikuwa kimeshapita mara mbili, mwaka 1832 na 1849, na mtu aliyetaka kuketi chini ya mti Jumapili alilazimika kwenda makaburini. Ndivyo ilivyokuwa: familia zilibeba vyakula zikaenda kupumzika katika makaburi ya Green-Wood, Brooklyn, kwa kuwa pale ndipo palipokuwa na majani na kivuli.

Matajiri nao walitaka mahali pa kupitishia magari yao ya farasi, kama walivyoona London na Paris. Wenye viwanja vya jirani waliona bei zikipanda. Mwaka 1853 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuchukua ardhi.

Nani waliichora?

Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, na naomba uyakariri majina yote mawili, maana la pili husahauliwa kila mara.

Olmsted hakuwa mchoraji majengo. Alikuwa amelima shamba, na miaka ya 1850 alizunguka majimbo ya Kusini akiandika habari za utumwa kwa gazeti la New York. Mwaka 1850 alifika Birkenhead, karibu na Liverpool, akaona bustani iliyojengwa kwa fedha za umma, na mkulima maskini akitembea humo sawa na bwana mkubwa. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Mwaka 1857 alipewa kazi ya kusimamia vibarua waliokuwa wakisafisha eneo hili.

Vaux ndiye aliyekuwa mtaalamu. Alizaliwa London, akaletwa Marekani na Downing kuwa mshirika wake. Downing alipofariki katika ajali ya meli mwaka 1852, Vaux aliendelea kulibeba wazo la mwalimu wake. Jiji lilipotangaza shindano la michoro, Vaux ndiye aliyemwendea Olmsted na kumwambia washirikiane, kwa kuwa Olmsted aliijua ardhi ile kwa nyayo zake.

Mchana Olmsted alikuwa kazini, kwa hiyo walifanya kazi usiku nyumbani kwa Vaux. Husimuliwa kwamba mgeni aliyepita kuwasalimu alipewa kalamu asaidie kuchora majani, maana ramani ilikuwa kubwa na majani hayaishi. Waliwasilisha mchoro wao dakika za mwisho kabisa, ukawa wa 33 katika michoro 33. Waliuita Greensward. Pamoja nao walitoa mbao zenye picha mbili mbili: ya juu ikionyesha pahali palivyo, tope na mawe, na ya chini ikionyesha patakavyokuwa. Aprili 1858 wakatangazwa washindi na kupewa dola 2,000.

Baadaye Olmsted akawa maarufu, akaitwa baba wa fani nzima. Vaux alikufa maji mwaka 1895 huko Brooklyn, na jina lake likabaki kwenye tanbihi. Mimi naona ni dhuluma. Madaraja na matao unayoyapiga picha, zaidi ya 30 na kila moja na sura yake, ni kazi ya mkono wa Vaux. Nakshi za mawe ni za Jacob Wrey Mould, mwenzao wa tatu ambaye hata hatajwi.

Mbona siyaoni magari yanayokatiza?

Hapa ndipo penye akili kubwa kuliko zote. Masharti ya shindano yalidai barabara nne za kukatiza kutoka mashariki kwenda magharibi. Wengine wengi walizichora juu ya ardhi, zikaipasua bustani vipande vitano. Olmsted na Vaux wakazizamisha. Walichimba mahandaki, barabara ikapita chini kiasi cha mita mbili na nusu, na juu wakapanda miti na kujenga madaraja ya kuvukia.

Kumbuka hapakuwa na motokaa wakati ule. Walifikiria mikokoteni ya mizigo, mabehewa ya zimamoto, ng'ombe wanaoswagwa kwenda machinjoni. Lakini handaki lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe linapitisha mabasi leo. Nenda karibu na Mtaa wa 79, simama juu ya daraja usilojua kwamba ni daraja kwa jinsi vichaka vilivyolifunika, utasikia honi chini ya miguu yako. Ukisogea hatua ishirini, honi imekwisha.

Ndani nako walitenganisha: njia ya magari ya farasi, njia ya wapanda farasi na njia ya waenda kwa miguu. Zinapokutana, moja hupita juu na nyingine chini ya tao. Mtoto aliweza kukimbia muda mrefu bila kukutana na kwato. Tangu Juni 2018 magari binafsi hayaruhusiwi tena hata kwenye njia za ndani, isipokuwa yale mahandaki.

Kwa nini njia zote zimepinda?

Ili usione mwisho. New York nzima imekatwa kwa mitaa iliyonyooka, unasimama kona moja unaona hadi mtoni. Walichora kinyume chake: unapita kona unakuta uwanda wa majani, unapita tena unakuta mwamba, halafu giza la miti, halafu maji. Jicho halishibi mapema.

Njia kuu moja tu imenyooka, ile iitwayo Mall, yenye safu nne za miti ya elmu inayokutanisha matawi juu kama paa la msikiti. Ugonjwa wa ukungu uliangamiza elmu nyingi Amerika ya Kaskazini, hivyo hii ni miongoni mwa mikusanyiko mikubwa iliyobaki. Mall inakushusha taratibu hadi kwenye ngazi za Bethesda.

Na yule malaika wa Bethesda?

Ni sanamu, kazi ya Emma Stebbins, mwanamke wa kwanza kupewa na jiji la New York kazi kubwa ya sanaa ya umma. Ilizinduliwa 1873. Jina linatoka Injili ya Yohana, kwenye birika la Bethesda ambako malaika alikuwa akiyatibua maji na wagonjwa wakapona. Hapa linashukuru maji safi ya mto Croton, yaliyofika mjini kwa mfereji mwaka 1842 baada ya miaka ya kunywa visima vichafu. Mkononi malaika ameshika yungiyungi.

Usiondoke bila kuzitazama nakshi za ngazi. Upande mmoja ni mchana: jogoo, jua linachomoza. Upande wa pili ni usiku: bundi na popo. Kisha ingia chini ya ukumbi, inua macho. Dari limefunikwa vigae vya rangi zaidi ya 15,000 kutoka kiwanda cha Minton, Uingereza.

Ni kweli watu walifukuzwa ili bustani ijengwe?

Ni kweli, na swali hili nalijibu kwa urefu kwa sababu vijitabu vingi hulipita mbio.

Mwaka 1825, miaka miwili kabla utumwa haujakomeshwa kabisa katika jimbo la New York, kijana Mweusi mng'arisha viatu aitwaye Andrew Williams alinunua viwanja vitatu kwa dola 125. Mwingine, Epiphany Davis, akanunua kumi na viwili. Kanisa la AME Zion, la Wamethodisti Weusi, likanunua sita. Kikaanza kijiji kilichojulikana kama Seneca Village, kati ya Mtaa wa 82 na wa 89, upande wa magharibi. Kufikia 1855 walikuwapo watu wapatao 225, theluthi mbili Weusi, waliobaki wengi wao Waayalandi. Palikuwa na makanisa matatu, shule, bustani za mboga na makaburi.

Kiwanja kilikuwa na maana zaidi ya paa. Sheria ya jimbo ilimtaka mwanamume Mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura, sharti ambalo Mzungu hakuwekewa. Kwa hiyo hati ya ardhi ndiyo iliyokuwa kadi ya mpiga kura. Kumnyang'anya mtu kiwanja kulikuwa ni kumnyamazisha.

Magazeti yaliyoipigania bustani yaliwaita maskwota na kukiita kijiji kile kwa majina ya matusi. Serikali ilitumia mamlaka yake ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Wenye hati walilipwa fidia, ila wengi walilalamika kwamba haikutosha. Williams aliomba dola 3,500 kwa nyumba na viwanja vyake, akapewa 2,335. Kufikia mwisho wa 1857 kijiji hakipo. Katika eneo zima la bustani waliohamishwa walikuwa kama 1,600, wakiwamo wafugaji na wakulima wa Kijerumani na Kiayalandi.

Zaidi ya miaka mia moja hapakuwa hata na kibao. Mwaka 2011 wanaakiolojia walichimba, wakakuta msingi wa nyumba ya William Godfrey Wilson, mhudumu wa kanisa la All Angels'. Ndani ya kifusi mlikuwa na birika la chuma la chai, vipande vya vyombo vya kaure na kiatu kidogo chenye soli ya ngozi. Shangazi nilipomsimulia habari ya birika alinyamaza, kisha akasema: "Basi walikuwa na wageni." Sijapata kusikia mtu aliyeeleza vizuri zaidi maana ya birika lile. Maskwota wanaosimuliwa na magazeti hawana wageni. Hawa walikuwa na vikombe vya kuwakaribishia.

Kondoo walikuwapo kweli?

Walikuwapo, kuanzia 1864 hadi 1934, kwenye uwanda unaoitwa Sheep Meadow mpaka leo. Walikuwa wakikata majani na kupendezesha macho. Wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, watu wasio na kazi walijenga vibanda ndani ya bustani, na kondoo wakahamishiwa Brooklyn. Zizi lao likageuzwa mkahawa, Tavern on the Green.

Ule mnara wa Misri umefikaje?

Ndiyo kitu kikongwe kuliko vyote vilivyojengwa na binadamu humu. Farao Thutmose wa Tatu aliuagiza uchongwe miaka kama 3,500 iliyopita, ukasimama Heliopolis. Warumi waliuhamishia Aleksandria. Katika karne ya 19 mtawala wa Misri, Khedive Ismail, aliyezama kwenye madeni ya Ulaya, aliutoa kwa Marekani, na pacha wake ukaenda London. Ulisafirishwa kwa meli mwaka 1880, na kutoka kingo za mto Hudson hadi hapa nyuma ya jumba la makumbusho la Metropolitan, jiwe la zaidi ya tani 200 lilisogezwa kwa siku 112. Ukasimamishwa Januari 1881.

Ukienda, zunguka upande ambao mvua na moshi vimeula. Maandishi yaliyodumu maelfu ya miaka kwenye jua la Misri yamefifia hapa kwa baridi. Binafsi siwezi kuutazama bila kuona mtu wa kwetu aliyesahauliwa ugenini.

Imewahi kuharibika?

Sana, mara mbili. Baada ya waanzilishi kuondoka ilichakaa, mpaka Robert Moses alipopewa idara ya bustani mwaka 1934. Alisafisha, akajenga viwanja vingi vya watoto, na ndani ya muda mfupi ikawa hai, ingawa alipenda kumwaga lami kuliko walivyopenda waliochora. Miaka ya 1970 jiji lilikaribia kufilisika. Majani yakawa vumbi, madaraja yakaoza, michoro ya kuchafua kuta ikatapakaa.

Mwaka 1980 wananchi waliunda taasisi ya Central Park Conservancy chini ya Elizabeth Barlow Rogers, na hadi leo ndiyo inayotunza bustani kwa mkataba na jiji, sehemu kubwa kwa michango. Matokeo yanaonekana. Hata hivyo bustani za mitaa ya maskini hazina majirani matajiri wa kuzichangia, na tofauti utaiona ukipanda treni vituo vichache tu.

Malango yana majina?

Yana majina tangu 1862, na ni majina ya watu wa kawaida: Lango la Mabaharia, la Wakulima, la Wachimba Madini, la Wageni. Hawakutaka majenerali. Lango la Wageni liko Mtaa wa 106 upande wa magharibi, na mimi huwapitisha wageni wangu pale makusudi.

Desemba 2022 liliongezwa jingine Mtaa wa 110, upande wa Harlem: Lango la Waliotakaswa Hatia. Mwaka 1989 vijana watano, Weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini, walikamatwa kwa shambulio la kikatili dhidi ya mwanamke aliyekuwa akikimbia humu bustanini. Walifungwa. Mwaka 2002 mhalifu halisi alikiri, vipimo vya vinasaba vikamthibitisha, hukumu zao zikafutwa. Jina la lango limechongwa kwenye jiwe kwa maandishi ya kawaida kama ya malango mengine yote, na ninaona hivyo ndivyo ilivyostahili.

Marathoni huishia wapi?

Humu humu. Marathoni ya kwanza ya New York, mwaka 1970, ilikimbiwa yote ndani ya bustani: walianza watu 127, wakamaliza 55. Tangu 1976 inapita sehemu zote tano za jiji, lakini kilomita za mwisho ni hizi, zenye vilima visivyo na huruma.

Ibrahim Hussein wa Kenya alikata utepe hapa 1987, Mwafrika wa kwanza kushinda. Mwaka 1989 Juma Ikangaa wetu alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia hii iliyodumu hadi 2001. Tegla Loroupe akaja 1994, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni kubwa namna hii, akarudia 1995. Mary Keitany ameshinda mara nne. Jumapili ya kwanza ya Novemba ukisimama karibu na Mtaa wa 67 utasikia Kiswahili kikipigwa kelele kwenye vizuizi, na bendera zetu zimetundikwa juu ya matawi yaliyokwisha kupukutika.

Ina uhusiano gani na Uhuru Park ya Nairobi?

Mwaka huo huo wa 1989, Wangari Maathai alipopata habari kwamba jengo la ghorofa 60 litapandishwa ndani ya Uhuru Park, aliandika barua kila upande. Hoja yake mojawapo ilikuwa nyepesi: nani angethubutu kujenga mnara kama huo ndani ya Hyde Park au Central Park? Alitukanwa bungeni, shirika lake la kupanda miti, Green Belt, likafukuzwa ofisini. Hakurudi nyuma, na mradi ukafa. Kila nikipita humu na mtu wa Nairobi, habari hii hujitokeza yenyewe.

Nikipotea?

Tazama nguzo ya taa iliyo karibu. Ina kibati chenye tarakimu nne, na mbili za mwanzo ni mtaa ulio sambamba nawe. Namba ya mwisho ikiwa shufwa uko upande wa mashariki, ikiwa witiri uko magharibi.

Nina saa mbili tu. Nipite wapi?

Ingia kusini, panda Mall, shuka Bethesda, vuka daraja la chuma la Bow Bridge uingie Ramble, ule msitu wa vichochoro ambako ndege wanaohama hutua kupumzika. Huko usiangalie simu, potea kidogo.

Kisha elekea magharibi hadi Summit Rock, karibu na Mtaa wa 83. Ndicho kilele cha asili kirefu kuliko vyote bustanini, na uko juu ya ardhi ya Seneca Village. Chini kidogo ya mwamba kuna Tanner's Spring, chemchemi inayoaminika kwamba wanakijiji walikuwa wakiteka maji hapo. Maji haya hayana koki. Shangazi alichuchumaa pale, akatia vidole, akavipitisha usoni, na tukakaa tukiwatazama ndege wakija kuoga mmoja baada ya mwingine.